Kikohozi cha Saa Nne

Mtani wangu alikohoa siku nne mbele ya watu, na mimi nimeshika maiki nawaambia wacheke. Wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Siku ya tano tukampakia kwenye bajaji. Nimeona niliseme hili mwanzoni kabisa, kwa sababu mimi ni mtu wa maneno mengi, nikianza kuzunguka huwa sifiki, na hili nimelizunguka miaka kadhaa sasa.

Kazi yangu ni kunadi. Ukipita Kariakoo ukasikia mtu anapayuka kwenye spika, "Njoo mama, njoo dada, beseni linatafuta mwenyewe," ukasema moyoni huyu naye hana kazi ya kufanya, basi ujue ni mimi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Shule niliishia kidato cha pili. Wenzangu wengi walioishia njiani wanasema ilikuwa ada. Mimi ada ililipwa yote, kilichokosekana ni kichwa cha kuitumia. Mwalimu wa hesabu aliniita pembeni akaniambia, "Kijana, una sauti nzuri. Itafutie kazi." Nikamsikiliza. Ndilo somo pekee nililofaulu.

Duka lilikuwa la jumla la vyombo vya plastiki, ndoo, mabeseni, majagi, kwenye mtaa mmoja ukitokea Msimbazi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kichagga, mjane, umri kama sitini hivi. Mimi Mpare. Kwa wengi hapo nimeshamaliza kueleza, ila kwa aliyezaliwa jana niongeze kidogo. Mpare na Mchagga ni watani. Mimi nina ruhusa ya kumwambia ana roho ya kufuli, ya kumchukulia chapati mezani akigeuka, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Yeye naye ana ruhusa ya kumwambia kila mteja kwamba Mpare akiibiwa kuku anauza ng'ombe apate hela ya kuendesha kesi mahakamani. Na kwenye msiba, mtani ndiye mwenye kibali cha kuwachekesha wafiwa. Watu wanalia, yeye anaingia na vituko vyake, na hakuna wa kumtoa.

Ndivyo tulivyojuana. Mumewe alipofariki, mimi nilikuwa nabeba maboksi duka la jirani. Nikaenda msibani kula wali, niseme ukweli. Nikakuta mama amekaa kwenye mkeka siku ya tatu hajasema neno, hata maji hanywi. Nikaingia chumbani, nikachukua koti la marehemu na kofia yake, nikavaa, nikatoka nimeshika kiuno kama alivyokuwa anashika. Nikafoka, "Nani kasema nimekufa? Nyote mmekaa hapa, dukani kuna nani? Siku tatu duka limefungwa! Mnataka nife kweli?" Wote wakanigeukia. Nikajua leo napigwa. Halafu nikasikia yule mama anacheka. Alicheka, akalia, akacheka tena, akaomba uji.

Baada ya arobaini akaniita. "Wewe Mpare, una kazi?"

"Ninayo. Kazi ya kutafuta kazi."

"Njoo Jumatatu. Usije na wakili."

Tukakaa pamoja miaka tisa. Kila asubuhi namkuta kwenye kigoda chake mlangoni. "Shikamoo mtani." Ananijibu, "Marahaba. Leo umekuja kuiba au kufanya kazi?" Namwambia vyote, nianze na kipi. Mimi mke aliniacha zamani kwa sababu zinazoeleweka, watoto wako mbali, kwa hiyo siku nzima mtu wangu wa kuongea naye alikuwa yule mama. Sikuwahi kumwambia hivyo. Ningeanzia wapi? Angenicheka mpaka Krismasi.

Ugonjwa ulipoanza kutajwa redioni tuliupokea kama matokeo ya mpira wa nchi za watu. Kila mtu Kariakoo alikuwa na sababu yake ya kutoupata. Muuza kahawa alisema joto la Dar litaukaanga kabla haujashuka kwenye ndege. Fundi cherehani wa barazani kwetu akasema ni ugonjwa wa wenye pasipoti. Mimi pasipoti sina, nikajihesabu salama.

Halafu akatangazwa wa kwanza hapahapa nchini, na siku chache baadaye shule zikafungwa. Hapo ndipo tukajua serikali haitanii. Watu wakaacha kupeana mikono, wakawa wanagusana viatu. Ukimwamkia mzee unamwamkia kwa mbali, kama unamuuliza njia. Na hofu ya Kariakoo huioni usoni kwa mtu, unaiona kwenye bei. Limau likawa linaulizwa kama dhahabu. Tangawizi ikawa inauzwa chini ya meza. Kila nyumba kuna sufuria la mwarobaini na mchaichai linachemka, watu wanajifunika blanketi wanapiga nyungu, wanatoka na macho yamevimba kama maandazi. Mama mwenye nyumba wangu alitukusanya wapangaji wote saba tujifukize kwa pamoja ili kuokoa mkaa. Watu saba, blanketi moja, tunapumuliana usoni tusiambukizane.

Ikatoka amri kwamba kila duka, kila mgahawa, msikiti, kanisa, ofisi, mlangoni pawe na maji yanayotiririka na sabuni. Maana yake ndoo ya koki. Na sisi ndoo tunazo. Tulitoboa ndoo kwa nondo ya moto kutwa nzima, tunafunga koki, zinaondoka kabla hazijapoa. Nilidhani mtani atafurahi. Jioni moja akakaa akiangalia mlango, akasema, "Mtani, hii biashara siipendi. Tunakula msiba ambao haujafika." Nikamwambia Mchagga kukataa biashara ndiyo dalili ya kwanza ya corona, nimwite daktari. Akanirushia mfuniko.

Asubuhi moja akaja mtendaji wa mtaa na karatasi mkononi. Barakoa kaivaa chini ya pua.

"Nani ana spika kubwa hapa?"

Mtani akaninyooshea kidole upesi, kama kaulizwa mwizi. "Huyu. Mchukueni jumla."

"Mzee," mtendaji akaniambia, "kuanzia leo kila saa nne utawasomea wananchi hii elimu. Serikali inakutegemea."

"Inanilipa?"

"Inakutegemea."

"Muandikie barua kabisa," mtani akasema. "Huyo Mpare, bila hivyo mwezi ujao utamkuta mahakamani anakudai mshahara."

Siku ya kwanza nikasoma kama ilivyoandikwa. Nawa mikono mara kwa mara kwa maji tiririka. Kaa umbali wa mita moja. Epuka mikusanyiko isiyo ya lazima. Hakusimama mtu. Mwanamke mmoja alinipita akasema, "Baba, leo huuzi?" Nikarudi ndani nimenywea.

"Unasoma kama unatangaza kifo cha mtu usiyemjua," mtani akaniambia. "Watu wanaogopa, wewe unawaongezea. Njoo nikuonyeshe."

Kesho yake saa nne akatoka, akageuza ndoo akaikalia katikati ya baraza, akajifunika kanga mdomoni, akaanza kukohoa kama gari la mkaa. Nami nikashika maiki. Hatukupanga kitu. Watu walioishi kwa utani miaka tisa hawahitaji kupanga.

"Wananchi, mnataka kumjua mgonjwa? Dalili ya kwanza, kikohozi! Bosi, kohoa!"

"Kho! Kho! Kho!"

"Hapo bado hajaumwa. Hapo kuna mteja kaomba apunguziwe. Dalili ya pili, kubanwa kifua!"

Akajishika kifua, akapepesuka. "Mpare kaingia dukani, nishikieni mkoba!"

"Dalili ya tatu, homa!" Nikamgusa paji la uso kwa kiwiko, nikaruka nyuma. "Mama yangu! Hii si homa, ni noti zinachemka!"

Halafu ndiyo tunanawa, kwa sabuni, vidole vyote, watu wanahesabu pamoja nasi mpaka ishirini. Na mwisho yeye anafungua kanga anapaza sauti, "Naweni mikono, ndoo ziko ndani!"

Baada ya siku tatu, ikifika saa nne palikuwa hapaingiliki pale barazani. Wabeba mizigo wanaweka mizigo chini, mama lishe wanaacha masufuria, wauza vitenge wanakuja na wateja wao. Wanabanana, wanashikana mabega waone vizuri. Mtendaji alikuja akacheka mpaka barakoa ikamdondoka. "Elimu imefika," akasema. "Endeleeni hivyohivyo." Karatasi ilisema epuka mikusanyiko, na mimi niliyekuwa naisoma ndiye niliyekuwa mkusanyiko wenyewe. Hatukuliona hilo, wala mimi, wala yeye, wala serikali.

Wiki ya pili ikaanza. Jumatatu mtani alikohoa vizuri kuliko siku zote. Nilimsifu. Kilikuwa kinatoka chini kabisa, kina mkwaruzo, na hakikatiki pale ninapotaka. Nikasema kwenye maiki, "Leo bosi amekuja na kikohozi cha jumla, siyo cha rejareja!" Watu hoi.

Jumanne alikuwa na jasho. Saa nne, kivulini, jasho linamtiririka shingoni. Nikawaambia watu watazame, huyu mama angezaliwa kwa wazungu angekuwa kwenye sinema.

Jumatano akakohoa kabla sijamwambia. Niko kwenye kuwasalimu watu bado, yeye anakohoa. "Bosi, subiri zamu yako!" nikamfokea. Sijawahi kupata kicheko kikubwa kama kile maishani mwangu. Naye akacheka, namuona mabega yanatikisika ndani ya kanga. Niliamini anacheka. Mpaka leo sijui yale mabega yalikuwa yanafanya nini.

Alhamisi tulipofika mwisho hakupaza sauti. Alinyoosha kidole tu kuelekea kwenye ndoo. Watu wakadhani ni staili mpya, wakapiga makofi. Nikamalizia mimi maneno yake.

Mchana nikamkuta kajiegesha kwenye marobota ya mifuniko. "Mtani," akaniambia, "leo sitanii. Sijisikii vizuri."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mchagga akisema hatanii, shika mfuko wako." Nikacheka, nikatoka, nikaenda kula. Nilikula wali na samaki wa kutoka soko la Feri, nakumbuka, na nikaongeza mchuzi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nikakuta duka limefungwa. Lile duka halijawahi kufungwa tangu ule msiba wa mumewe. Nikapiga simu. Akapokea, lakini alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi, na mimi najua kwake ni chumba cha chini. Nikakimbia, ni mtaa wa nyuma tu. Nikamkuta amekaa kitandani kavaa kabisa, na mkoba mapajani, kama anasubiri basi la kwenda kwao Moshi.

Dereva wa bajaji akamsikia akikohoa, akageuka. "Mzee, ana nini huyu?"

"Kapaliwa na chai," nikasema.

Hata pale sikumwambia mtu ukweli.

Hospitali walimpima joto getini, wakaangaliana, wakamletea kiti cha magurudumu. Nesi aliyejifunika mpaka macho akaniuliza, "Wewe ni nani yake?"

"Mtani wake."

"Mtani siyo ndugu, mzee. Niandike nani?"

Nikamwambia aandike mtani. Akaandika jirani. Wakati wanamgeuza kumpeleka ndani, mtani akashika gurudumu kwa mkono, akaniangalia. "Dukani kuna nani?" akasema. Ndilo neno lake la mwisho kwangu, na ukinijia na kuniambia Wachagga wanapenda hela nitakupiga. Ni yale maneno niliyomchekesha nayo kwenye msiba wa mumewe; yule mama alikuwa ananiambia nisiogope.

Kesho yake watu wa afya wakanipigia. Nikae ndani siku kumi na nne, nisitoke, nisipokee wageni. Mama mwenye nyumba akachora mstari wa chaki mlangoni kwangu, chakula anakiweka juu ya stuli, anagonga kwa ufagio, anakimbia. Ni yuleyule wa blanketi moja. Kila asubuhi binti mmoja wa afya ananipigia.

"Una homa?"

"Nina joto la Dar."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua Kipare, kwa kubana matumizi."

"Mzee, naomba ujibu ndiyo au hapana."

Basi nikawa najibu ndiyo au hapana. Utaratibu ni mzuri, lakini siku nzima umeongea maneno manne tu.

Habari za mtani nilizipata kwa binti yake mkubwa, anayekaa Kigamboni na mumewe. Kila siku alivuka kwa kivuko cha Magogoni kuja hospitali, na kila siku aliishia getini kwa sababu hairuhusiwi kumuona mgonjwa. Anaacha uji, anaambiwa mama anaendelea, wamemuwekea oksijeni. Halafu ananipigia. "Shikamoo anko. Wanasema anaendelea." Hakuna aliyekuwa akijua anaendelea kwenda wapi. Siku ya sita akapiga mchana, na hakuniamkia. Hapo nikajua.

Mchagga hazikwi Dar. Dar kwao ni mahali pa kutafutia, nyumbani ni kule mgombani, na pembeni ya kaburi la mumewe nafasi yake ilikuwepo, alishaniambia ni upande wenye kivuli. Lakini amri ilikuwa anayefariki kwa ugonjwa ule anazikwa alikofia, anazikwa na watu wa afya, na ndugu wachache wa kuhesabika wasimame mbali. Wajomba wa binti walipiga simu kila walikojua kuna mkubwa. Wakajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani. Siwalaumu waliojibu. Nao walikuwa wanaogopa kama sisi.

Siku ya mazishi nilikuwa kitandani kwangu nimevaa shati jeupe na viatu. Viatu vya nini ndani ya chumba, hata sijui. Saa tano simu ikaita. Binti yake.

"Mtani," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, siku zote mimi ni anko. "Tumefika. Wametupa dakika chache. Mama alisema akifa hata kama uko jela utani ufanyike. Nimeweka spika. Sema."

Nikasikia upepo. Nikasikia majembe, na kitu kama bomba la dawa linapuliza. Hakuna aliyekuwa analia kwa sauti. Nilikuwa na la kusema, niliandaa tangu asubuhi, kwamba wale watu wenye nguo nyeupe wakague sanduku vizuri, huyo mama anaweza kuwa kajificha anahesabu nani hakuja. Nikasema, "Wachagga wangu…" Basi. Nikataka kuvuta pumzi, machozi yakanipalia, nikaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kile cha kutoka chini, hakikatiki, nimeinama na simu iko mdomoni, nakohoa na kulia na siwezi kuacha.

Na kule makaburini nikasikia mtu anacheka.

Mmoja kwanza, sauti nene, mjomba nadhani. Halafu wa pili. Wakafikiri ni kile kichekesho chetu cha barazani walichokuwa wamesimuliwa, kwamba mtani kaamua kumuaga bosi wake kwa kikohozi cha saa nne. Wakacheka wote, wale ndugu wachache waliosimama mbalimbali kwenye jua, wakacheka mpaka nikasikia wengine wanalia. Simu ikachukuliwa. "Asante mtani," binti akasema, sauti imelowa. "Umemzika vizuri." Ikakatika.

Walikuja kunipima, majibu yakawa safi. Nilipotoka siku ya kumi na tano nilikuta Kariakoo imejaa kama zamani. Namba za wagonjwa zilikuwa hazitangazwi tena, tukaambiwa tusali, tuchape kazi, tusiishi kwa hofu. Na watu walisali kweli, sitanii. Milangoni kwa maduka ndoo bado zipo, nyingi hazina maji. Fundi cherehani akaniuliza, "Bosi wako alikuwa na presha eeh?" Nikasema ndiyo. Mtendaji alinipita, akaniangalia, akataka kusema kitu, akavuta barakoa yake juu ya pua akaendelea na safari.

Binti alikuwa dukani, anapanga mifuniko kwa saizi. "Shikamoo anko."

"Marahaba."

"Siku ile ulitusaidia sana. Mjomba alikuwa amegoma hata kusalimia watu. Mpaka leo anasimulia."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepewa sifa ambayo mtani yeyote angeitaka, kuwachekesha wafiwa bila hata kuwepo. Nikakaa juu ya ndoo.

"Sikuwa nafanya utani," nikamwambia. "Nilikuwa nalia, nikapaliwa."

Akaacha kupanga.

"Na mama yako naye hakuwa anafanya utani." Nikamwambia yote. Jumatatu, mkwaruzo. Jumanne, jasho. Jumatano, nilivyomfokea asubiri zamu yake. Alhamisi, kidole. Nikamwambia na ule wali wa samaki. Nilitegemea anipige na kitu, pale vitu vya kupigia ni vingi na vyepesi.

"Najua, anko," akasema.

"Unajuaje?"

"Alinipigia Jumatatu jioni. Akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia kesho usiende dukani, nenda hospitali. Akasema nisipotokea saa nne mtaa mzima utajua ninayo, hakuna atakayegusa hata kikombe changu, na yule Mpare atabaki na maiki peke yake." Akafuta mfuniko mmoja kwa upindo wa kanga, ulikuwa safi tayari. "Nilibishana naye kidogo. Kidogo tu. Halafu nikamwambia basi nenda mama, kaa na mtani wako akuchekeshe. Ndivyo nilivyomwambia."

Mimi nimewahi kumjibu askari wa jiji akiwa amenishika kola. Nimewahi kumjibu hakimu, na akacheka. Pale nilichukua mfuniko, nikaanza kupanga naye.

Nje mtu akaita, "Hodi, wenyewe mpo? Ndoo za koki zipo?"

Binti hakuitika. Nami sikuitika. Akaita tena, akasubiri kidogo, halafu tukasikia viatu vyake vinaelekea duka la jirani.